Tuanze na Waliobaki Wazima

Simu za wafugaji huanza na idadi ya waliokufa. "Daktari, mbuzi kumi na wawili wameshaondoka." Nikishampa pole namuuliza: walikuwa wangapi wote? Wamekufa wakubwa au wadogo? Na kwa jirani hali ikoje? Wapo wanaokasirika, na nawaelewa. Mtu ana mizoga nyuma ya zizi, halafu daktari aliyemtegemea anamuuliza habari za mbuzi wanaokula vizuri. Lakini hao wanaokula vizuri ndio wanaonionyesha ugonjwa ni upi na umepitia wapi.

Nafanya kazi ya udaktari wa mifugo Longido, mpakani na Kenya, na kila mwaka hupokea wanafunzi wa mazoezi kutoka Morogoro. Wengi hufika wakiwa na hamu ya kushika bomba la sindano na kisu cha kupasulia mizoga. Ukiwatajia epidemiolojia, yaani elimu ya kufuatilia ugonjwa unavyoenea katika kundi zima, wanakunja uso, maana wanaikumbuka kama somo la kukokotoa, la kufaulu mtihani na kufunga daftari. Nimeamua kuandika haya kwa ajili yao, na kwa mfugaji yeyote anayetaka kujua kwa nini tunauliza maswali mengi kabla ya kufungua mkoba wa dawa.

Chukua mfano wa huyo mwenye mbuzi kumi na wawili. Tuseme kundi lake lina mbuzi 400. Hapo amepoteza 3 katika kila 100. Siku hiyohiyo mama mmoja mjane ananipigia, amepoteza watano, na kundi lake lote ni mbuzi 20. Kwake ni 25 katika kila 100. Nikifuata idadi ya mizoga nitaelekeza pikipiki kwa yule wa kwanza, ilhali moto uko kwa yule mama. Sasa rudi kwa yule wa kwanza, muulize umri. Anakwambia wote kumi na wawili walikuwa vitoto, na vitoto kwenye kundi lake vilikuwa 40. Hesabu imegeuka tena: kwa vitoto ni 30 katika kila 100, na kwa wakubwa ni sifuri. Mizoga ni ileile kumi na miwili, ila kila ulipobadilisha waliowekwa chini ya mstari wa mgawanyo, ulipata ugonjwa mwingine. Ugonjwa unaoua vitoto na kuruka wakubwa una majina machache, na orodha yangu imefupika kabla sijawasha pikipiki.

Kuna hesabu ya pili ambayo huwachanganya hata wenzangu. Walio wagonjwa leo ukiingia zizini, na walioanza kuugua tangu mwezi jana, hawalingani. Homa ya mapafu ya ng'ombe hukaa na mnyama kwa majuma, wakati mwingine miezi, akikohoa na kukonda. Ukitembelea siku moja utawakuta wengi, kwa sababu wanakawia kufa na wanakawia kupona. Kimeta hakikupi nafasi hiyo. Ng'ombe alikuwa mzima jana jioni, asubuhi ni mzoga. Ukipita zizini na daftari utaandika "wagonjwa: 0" wakati kijiji kimeshazika ng'ombe wengi. Kwa magonjwa yanayoua haraka, zizi halikupi habari, inabidi umuulize mtu.

Nitaeleza uchunguzi mmoja kwa urefu kidogo, kwa sababu ndani yake karibu kila kitu cha msingi kilikuwepo.

Ilikuwa boma moja upande wa Gelai. Mbuzi walikuwa na makamasi mazito, macho yamegandana tongotongo, wengine wanahara na mkia umelowa. Ukiwafungua midomo unakuta fizi zina vidonda vyenye utando kama pumba za mahindi zilizolowa, na pumzi inanuka. Mzee mwenye boma alisema ni homa ya mapafu ya mbuzi. Kijana wake alisema wamekula majani yenye sumu kule korongoni. Jirani alisema ni minyoo. Kila mmoja alikuwa na idadi yake ya wagonjwa, kwa sababu kila mmoja alikuwa anahesabu ugonjwa aliokuwa nao kichwani.

Kwa hiyo jambo la kwanza lilikuwa kukubaliana nani ahesabiwe. Tulisema hivi: kwa leo, mgonjwa ni mbuzi au kondoo mwenye makamasi, na juu ya hayo awe na vidonda mdomoni au anahara. Asiyetimiza hilo, hata kama anachechemea au amekonda, asiingie kwenye hesabu. Kanuni hiyo si utambuzi wa ugonjwa. Inaweza kumwacha mgonjwa halisi mmoja nje na kumwingiza asiyehusika mmoja ndani. Faida yake ni kwamba mimi, mzee, na mwenzangu atakayekwenda boma la pili tunahesabu kitu kimoja.

Baada ya hapo tulipitia umri kwa kuangalia meno. Vitoto vichanga vinavyonyonya vilikuwa vinarukaruka. Walioathirika zaidi walikuwa wa kuanzia miezi minne hivi hadi wenye meno mawili. Mbuzi wazee wengi walikuwa wanatafuna kama hakuna kinachoendelea. Hapa ndipo wazima walipoanza kusema. Vitoto vichanga vina kinga waliyoipata kwenye dang'a la mama zao, yale maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, na kinga hiyo huisha baada ya miezi mitatu, minne. Ili mama awe na kinga ya kumpa mtoto, ni lazima yeye mwenyewe aliwahi kuugua au kuchanjwa. Majani ya korongoni hayabagui hivyo.

Kisha siku. Mke mkubwa wa mzee ndiye aliyekuwa na kumbukumbu. Nilimwambia, "Yeyo, nisaidie, wa kwanza alianza lini?" Hakunitajia tarehe. Alihesabu kwa mnada: mnada ule walioleta beberu wawili, halafu mnada uliofuata mmoja wa hao beberu alikuwa anatoa makamasi, halafu kabla ya mnada mwingine wakawa wengi. Tukaanza kupanga vijiwe ardhini, mstari kwa kila siku, kijiwe kwa kila mgonjwa. Mwanzoni kijiwe kimoja. Siku kadhaa tupu. Vijiwe vitatu, vinne. Kisha rundo. Kijana wake aliyekuwa akisisitiza sumu akachuchumaa akaangalia muda mrefu, akasema mwenyewe kwamba kama ni majani wangeumwa wote siku moja, siku waliyopita korongoni. Umbo lile la vijiwe, mmoja kisha nafasi kisha wengi, ndilo umbo la kitu kinachotoka kwa mnyama kwenda kwa mnyama. Nafasi iliyo katikati ni muda ambao ugonjwa unakaa kimya mwilini kabla ya kujionyesha, na kwa sotoka ya mbuzi na kondoo, ugonjwa wa virusi niliokuwa nimeanza kuushuku, huwa ni siku nne hadi sita kwa kawaida. Tulichukua sampuli za kupeleka maabara kuthibitisha, lakini amri ya kutoingiza wala kutoa mbuzi bomani ilitolewa siku hiyohiyo, kwa nguvu ya vijiwe. Majibu yalipokuja, ilikuwa sotoka ya mbuzi na kondoo kweli.

Swali la mwisho lilikuwa nani hajaguswa. Boma la chini, ambalo mbuzi wake hunywa kisima kingine, hawakuwa na mgonjwa hata mmoja. Hilo likatuambia pa kuweka nguvu: kwenye kisima cha pamoja na kwenye mnada.

Mnada una uzito kuliko watu wengi wanavyodhani. Sotoka ya mbuzi na kondoo ilithibitishwa Tanzania mwaka 2008, wilaya ya Ngorongoro. Mwaka 2009 ikaonekana kusini kabisa, kule Newala na Tandahimba, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Loliondo, kule Ngorongoro. Virusi hivi haviruki na upepo umbali huo, na hakuna mfugaji anayeswaga mbuzi kutoka Loliondo hadi mpaka wa Msumbiji. Uchunguzi wa kusini ulielekeza kidole kwa mbuzi walionunuliwa mnada wa Pugu, Dar es Salaam. Ukichora ramani kwa kilomita, Newala iko mbali sana na Ngorongoro. Ukiichora kwa lori za mbuzi, ni hatua chache tu. Ndiyo maana nasimamia kibali cha kusafirisha mifugo hata mfanyabiashara anaponung'unika. Karatasi ile ndiyo inayotuonyesha mbuzi walitoka mnada upi na wakaelekea upi.

Wafugaji wa Kimaasai walikuwa wanaifanya kazi hii kabla vyuo havijafika. Uwanda wa Gelai ni mahali nyumbu wanapozalia. Majira ya kuzaa yakifika, ng'ombe wanaondolewa kwenye yale majani mafupi mazuri na kupelekwa juu, kwenye malisho hafifu na yenye kupe zaidi. Mgeni angeona ni hasara isiyo na maana. Wazee wanasema ng'ombe akilisha palipozaliwa nyumbu atapata ugonjwa wa nyumbu, na akiupata haponi. Ni kweli. Virusi vinavyoleta ugonjwa huo, ambavyo Walter Plowright na wenzake walivitenga Kenya mwaka 1960, hukaa kwa nyumbu bila kumdhuru, na ndama wa nyumbu huvitoa kwa wingi kwenye miezi yao ya mwanzo. Ng'ombe anayevipata hufa, lakini hamwambukizi ng'ombe mwenzake.

Hebu pima uzito wa sentensi hiyo ya mwisho. Kwa sotoka ya mbuzi, kumtenga mgonjwa ni kuokoa kundi. Kwa ugonjwa wa nyumbu, kumtenga mgonjwa hakuokoi yeyote, kwa sababu mgonjwa ni mwisho wa safari ya virusi. Kinachookoa ni kuwahamisha wazima. Wagonjwa wawili wanaofanana, macho yote yametoa machozi na pua zote zina makamasi, wanahitaji hatua zinazopishana kabisa, na tofauti hiyo huwezi kuiona kwa kumtazama mgonjwa. Utaiona ukiangalia nani aliugua, nani hakuugua, na walikuwa wapi.

Sasa nije kwa sotoka yenyewe, ile ya ng'ombe, kwa sababu sijui ushindi mwingine wa taaluma yetu unaoikaribia. Iliingia Pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880, na kufikia 1891 ilikuwa imefagia ng'ombe wa Umaasaini karibu wote. Nyati nao wakaanguka, nyumbu pia. Baada ya wimbi hilo ikabaki, ikirudi mara kwa mara, na kwa miongo mingi wengi waliamini chanzo chake ni wanyamapori: kwamba nyumbu na nyati ndio wanaouhifadhi ugonjwa na kuurudisha kwa ng'ombe. Kama hilo lingekuwa kweli, chanjo ya ng'ombe isingeumaliza ugonjwa hata ufanyeje, na ushauri wa kuua wanyamapori ungekuwa na mashiko.

Jibu lilitoka Serengeti. Pale nyumbu waliokuwa wakifa kwa sotoka walikuwa hasa wa mwaka mmoja, wale ambao kinga ya dang'a imewaishia. Kisha ng'ombe wanaozunguka hifadhi wakachanjwa kwa wingi. Nyumbu hakuchanjwa hata mmoja. Hata hivyo, katika miaka ya mwanzo ya 1960, vifo vile vya nyumbu wadogo vikakoma, na damu za nyumbu waliozaliwa baada ya hapo zikakutwa hazina dalili ya kuwahi kukutana na sotoka. Nyumbu walikuwa wanaambukizwa na ng'ombe. Waliokuwa karibu robo milioni mwanzoni mwa muongo huo walivuka milioni moja kabla ya miaka ya 1970 kwisha. Watalii wanaokuja kupiga picha nyumbu wakivuka mto Mara wanatazama matokeo ya chanjo ya ng'ombe.

Chanjo yenyewe ilitengenezwa Muguga, Kenya, na huyohuyo Plowright. Ilikuwa nzuri, ila ilihitaji barafu. Kampeni za miaka ya 1960 zilikaribia kushinda, juhudi zikalegea, na mwaka 1982 sotoka ikaua nyati wengi Serengeti. Awamu ya mwisho ilibadilisha mbinu. Ilipatikana chanjo inayovumilia joto kwa majuma, ikabebwa na wafugaji wenyewe waliofundishwa kuchanja, hadi maeneo ambayo gari la serikali halifiki. Na badala ya kuchanja kila ng'ombe kila mwaka milele, watu walianza kuuliza sotoka imejificha wapi hasa. Kuipata kulihitaji kukaa na wazee chini ya mti. Mbinu moja ya wakati huo naitumia hadi leo: unampa mzee vijiwe 100, unachora duara kwa kila ugonjwa anaoujua, unamwambia avigawe kulingana na unavyowasumbua ng'ombe wake. Anagawa, anatazama, anahamisha vitatu kutoka huku kwenda kule, anabishana na mwenzake, anarudisha kimoja. Katika kule kuhamisha na kubishana unajifunza mengi kuliko kwenye fomu ya kurasa kumi.

Mgonjwa wa mwisho wa sotoka aliyethibitishwa duniani alikuwa nyati, katika Hifadhi ya Meru, Kenya, mwaka 2001. Tangazo kwamba ugonjwa umetokomezwa likatolewa 2011. Miaka kumi katikati ilikuwa ya nini? Ilikuwa ya kuchunguza wazima. Ng'ombe aliyechanjwa na ng'ombe aliyeugua akapona, damu zao hazitofautiki. Kwa hiyo nchi zililazimika kuacha kuchanja, kuacha ndama wazaliwe bila kinga, kisha kuwapima na kuonyesha kwamba hawajakutana na virusi. Fikiria ujasiri uliotakiwa kumwambia waziri: tunaacha chanjo ili tujue kama tumeshinda.

Wanafunzi huniuliza utapima ng'ombe wangapi ili uamini kwamba ugonjwa haupo. Hakuna idadi inayotoa uhakika kamili isipokuwa kupima wote. Lakini kuna hesabu yenye msaada. Kama ugonjwa ungekuwepo kwa ng'ombe 5 katika kila 100 wa kundi kubwa, ukichukua damu ya ng'ombe 59 bila kubagua, uwezekano wa kuwakosa wagonjwa wote ni chini ya 1 kati ya 20. Neno zito hapo ni "bila kubagua". Ukisimama mlangoni mwa zizi, utaletewa wapole, wale wa karibu, wale ambao mwenye ng'ombe haoni shida ukiwachoma. Wakali na waliojificha katikati ya kundi hawatafikiwa. Napanga mapema: kila ng'ombe wa saba anayepita mlangoni, awe mpole awe mkali.

Kuna sehemu nyingine ambapo wazima wanageuza mambo, na hapa nimeona wafugaji wakiumia bure: majibu ya vipimo. Tuseme kuna kipimo cha ugonjwa wa kutupa mimba kinachowagundua wagonjwa 90 kati ya 100, na kinachowatambua wazima kwa usahihi 95 kati ya 100. Kinasikika kizuri. Kipeleke kwenye kundi la ng'ombe 1,000 ambalo wagonjwa ni 20 tu. Kati ya hao 20 utawakamata 18. Lakini wazima ni 980, na 5 katika kila 100 yao watasomeka wagonjwa kimakosa: ni ng'ombe 49. Jumla ya walioonekana wagonjwa ni 67, na wenye ugonjwa kweli ni 18. Ukiamuru wote wachinjwe, karibu robo tatu ya utakaowachinja walikuwa wazima. Kipimo hakijaharibika. Wazima ni wengi mno, basi hata kosa dogo juu yao linazaa kundi. Ndiyo maana aliyesomeka mgonjwa anapimwa tena kwa kipimo cha aina nyingine kabla ya uamuzi, na mfugaji ana haki ya kudai hivyo.

Kwenye mbwa ni vilevile, ila huko shida ni kwamba hakuna anayejua wako wangapi. Watafiti waliofuatilia kichaa cha mbwa Serengeti na Ngorongoro kuanzia 2002, kwa kwenda nyumba kwa nyumba wakiuliza nani aling'atwa na mbwa wa nani, walikuta mbwa mmoja mwenye kichaa huwaambukiza kwa wastani mbwa mmoja na kidogo, kati ya 1.1 na 1.3. Ni ndogo sana. Kwa hesabu tupu, hata kuchanja chini ya nusu kungetosha kuukata mnyororo. Tunalenga 70 katika kila 100 kwa sababu mbwa wetu hawaishi sana, vitoto vinazaliwa kila mwezi, na kinga ya kijiji inashuka kabla kampeni ya mwaka unaofuata haijafika. Ukianza na 70, utakuwa bado juu ya kiwango mwaka ukiisha.

Lakini 70 ya wangapi? Kwenye kampeni tunawafunga utepe shingoni waliochanjwa, kisha baadaye tunazunguka kijiji kwa miguu, tukihesabu kila mbwa tunayemwona, mwenye utepe na asiye nao. Tukiona 50 na wenye utepe ni 31, tuko kwenye 62, na tunajua ni kitongoji gani hakikuja. Mara nyingi ni kile kilicho mbali na kituo cha chanjo, au ambako mbwa huwa na watoto wa shule na kampeni ilifanyika saa za masomo. Pemba, kisiwa kilichokuwa na kichaa cha mbwa, kiliumaliza kwa chanjo za namna hii, ukarudi mwaka 2016 kwa mbwa walioingia kutoka nje, na wakaumaliza tena. Kila nikisoma habari hiyo nafurahi kama ni kijiji changu.

Jambo moja fupi kuhusu kulinganisha, kwa sababu naliona likipotosha watu mnadani. Ndama waliochanjwa ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, wana hereni sikioni, na mtu anasema, tazama, wenye hereni hawafi. Chanjo hiyo naiamini na naipendekeza. Ila anayeweza kulipia chanjo ndiye pia anayeogesha, anayenunua dawa ya minyoo, na anayemwachia ndama maziwa ya kutosha. Ukilinganisha ndama wake na ndama wa asiye na kitu, umelinganisha mifuko. Linganisha ndama wenye hereni na wasio nayo ndani ya boma moja, mwaka mmoja, malisho mamoja. Chanjo bado itashinda, na utakuwa umejua inashinda kwa kiasi gani.

Nimalizie na kinachonikosesha usingizi sasa. Mwaka 2015, Abidjan, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa na Shirika la Afya ya Wanyama Duniani walizindua mpango wa kuitokomeza sotoka ya mbuzi na kondoo ifikapo 2030. Inawezekana. Virusi vyake ni jamaa wa karibu wa sotoka ya ng'ombe, chanjo moja inazuia aina zote, na mbuzi aliyechanjwa vizuri anakuwa na kinga ya miaka. Ugumu ni kwamba kundi la mbuzi hubadilika upesi mno. Huuzwa, huchinjwa, huzaa, na baada ya mwaka sehemu kubwa ya waliomo zizini hawakuwepo siku ya chanjo. Huku kwetu wengi huzaliwa wakati wa masika. Ukichanja mwezi Mei, vitoto bado vina kinga ya dang'a na chanjo haishiki. Ukingoja Desemba, vimeshakaa miezi mitatu au minne bila ulinzi wowote, vikipita kisimani na mnadani. Dirisha letu ni Agosti na Septemba, na ratiba inayofuata tarehe za fedha badala ya tarehe za uzazi inaweza kuchanja mbuzi maelfu na kuwakosa wale hasa wanaoubeba ugonjwa. Kwa hiyo kwenye mikutano ya vijiji msimu huu nitawaomba akina mama wa maboma, wenye kumbukumbu ya kila mbuzi aliyezaa, wanitajie vitoto vimezaliwa mnada gani, na chanjo tutaipanga kwa hesabu yao.